Nilivyomkata Mtani kwenye Kanda ya Baba

Mimi sikuwa fundi wa video, mtu asije akanisingizia. Nilikuwa mchapaji. Nilikuwa na kibanda changu Masasi mjini, karibu na stendi, nikichapa barua za kuomba kazi, mihtasari ya vikao na kadi za harusi. Kompyuta nilikuwa nimeinunua Dar es Salaam, ya mtumba, miaka ile soko huria limeshafungua milango yote na vitu vya Ulaya vinamwagika mpaka huku kwetu. Aliyeniuzia aliapa kwamba ndani mna kila kitu. Kweli mlikuwa na kila kitu, hata programu ya kukatia video, yenye picha ndogo ya wembe juu yake. Nilikaa nayo mwaka mzima bila kuigusa, kwa kuiogopa tu.

Halafu baba akafariki, kijijini kwetu huko Newala, upande wa Chilangala. Kaka yangu hakuwepo. Alikuwa Afrika Kusini mwaka wa sita, hana karatasi yoyote ya kumruhusu kutoka na kurudi, na aliondoka nyumbani bila kuaga baada ya kugombana na baba. Yeye ndiye kifungua mimba, na ndiye mtoto wa kiume peke yake. Kwetu mtoto huyo ndiye anayeshuka kaburini kumpokea baba yake. Wa juu wanateremsha, yeye yuko chini amenyoosha mikono.

Kaka alimpigia simu mjomba siku ileile ya msiba. Akasema, "Mjomba, tafuteni mtu wa video. Nataka nione kwa macho yangu nani ataingia kwa zamu yangu." Hakuomba kingine. Mimi alinipigia baada ya siku tatu, akarudia hilohilo: nani alimpokea baba? Sikuwa na jibu, kwa sababu sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki nyumbani na uradi wetu. Nikamwuliza mjomba, naye akanikata jicho. "Waliingia watu," akasema. "Na wewe mwanamke mambo ya makaburini unayatakia nini?"

Basi jibu likawa ndani ya kanda, na kanda zikawa mikononi mwangu.

Lakini kwanza nimseme mtani, kwa maana bila yeye haya yote yasingetokea. Baba alikuwa na mtani wake, Myao wa Nanganga, mtu mmoja mrefu mwenye meno ya mbele yaliyoachana na mdomo usiofungwa mlango. Wamakonde na Wayao kutaniana misibani si jambo geni. Mtani anakuja, anafanya vituko, wafiwa wanacheka bila kupenda, na ile kazi ngumu ya msiba anaishika yeye. Hilo nalijua toka utoto. Ila mimi nilikuwa nimesoma uhazili mjini, nimekaa na watu wa kila aina, na nilishaanza kuona haya mambo ni ushamba. Nasema ukweli wangu, nilikuwa najisikia.

Siku ya msiba, jeneza halijatoka, yule mtani akaingia chumbani kwa baba, akavaa koti la baba, akaweka kofia ya baba kichwani, akashika bakora ya baba. Akatoka nayo uani. Akakohoa kile kikohozi cha baba, cha mara mbili, kisha akafoka: "Nani kaacha mlango wazi? Mbuzi wakiingia mtawalisha nyie?" Ilikuwa sauti ya baba. Haikufanana nayo tu, ilikuwa yenyewe. Mimi niko ndani nimejiinamia kwenye mkeka, sikuwaza, nikainuka mzima mzima na kuitika, "Abee baba!"

Loo! Watu walicheka, wengine wakaangua kilio palepale, na shangazi akanishika kiunoni akanikalisha chini. Nilitamani ardhi inimeze. Yule bwana alikuwa amenifanya mtoto mbele ya watu wote, siku ambayo sina baba. Nikaapa moyoni kwamba sitampa mkono tena, na kwenye video ya kaka hatatokea hata ukucha wake.

Mpiga video alitoka Tandahimba. Alinikabidhi kanda tatu, karibu saa tano za picha, akaniambia kazi yake ni kupiga, kukata si kazi yake. "Na kanda zangu zirudi, dada. Nina harusi." Nikaziangalia mwanzo mwanzo, nikachoka. Mtu yule alipiga kila kilichopita mbele yake. Sufuria, robo saa. Watu wananawa mikono. Mbuzi amesimama kwenye kivuli cha mkorosho, haendi popote, na mpiga video naye haendi popote. Kaka angeitazama wapi kanda ya saa tano, mtu analala chumba kimoja na wenzake wanane? Nikasema nitaikata iwe saa moja, iingie kwenye sidii moja, iwe safi.

Nilifunga kibanda mchana, saa zile ambazo umeme ulikuwa na adabu kidogo, nikaunganisha kamera ya kuazima na kompyuta kwa waya kama kitabu cha maelezo kilivyoonyesha kwa michoro. Picha zikaanza kuingia. Kanda ya kwanza haijafika nusu, kompyuta ikaniambia diski imejaa. Imejaa nini? Mimi nilikuwa na barua tu! Nikaanza kufuta. Nilifuta kadi za harusi za mwaka mzima, nikafuta mihtasari ya vikao ya chama kimoja cha wakulima, ambao walikuja kuitafuta baadaye, tukaonana wabaya mpaka leo. Bado haikutosha. Ikabidi nizinyofoe kanda vipande vipande, hiki naingiza, kile naacha. Vya makaburini niliingiza vyote bila kuangalia, maana nilikuwa sijawa tayari kuviangalia.

Programu yenyewe sijui niielezeje. Juu kulikuwa na visanduku viwili vinavyoonyesha picha moja, na sikujua kipi ni kipi. Chini kulikuwa na mistari miwili, wa picha na wa sauti, inakwenda kulia mpaka macho yanachoka. Kila neno Kiingereza, na si Kiingereza cha barua, nilichokizoea mimi. Nikibonyeza hapa, kitu kinahama kule. Nikivuta kipande kimoja, vingine vyote vinasogea nyuma kujaza nafasi, kama watu wanaosubiri mgao wa maji bombani. Siku moja nilifanya kazi kwa saa nne, nikafunga kompyuta, nikafungua, nikakuta shehe anaomba dua na sauti inatoka kwa mbuzi. Wallahi, mbuzi yuleyule wa kwenye mkorosho. Anatafuna, na maneno ya dua yanatoka. Nilicheka peke yangu, kisha nikaogopa nikasema astaghafirullah, nikazima.

Kumkata mtani ndiko kulikonishinda kuliko yote. Nilichukua ule wembe, nikakata pale anapotokea na pale anapoondoka, nikabonyeza kufuta. Akaondoka. Nikafurahi. Nikarudisha nyuma nitazame, nikaona wanawake wanapeta mchele, vizuri kabisa, mara kikohozi. Mara mbili. Halafu, "Nani kaacha mlango wazi?" Nilikuwa nimekata picha, sauti imebaki. Nikajaribu kuikata sauti, ikaruka ikaenda kukaa chini ya picha ya jeneza linatoka mlangoni. Baba anabebwa, na baba anafoka kuhusu mbuzi. Nikahamisha tena. Ikaangukia kwenye sufuria. Kila nilipompeleka hakutaka kukaa kimya, na mimi sikujua nalia au nakasirika, nikabaki napiga kibodi makofi.

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua barua yake alisimama dirishani akasikiliza, akaniuliza, "Samahani, humo ndani kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," nikamjibu. "Kesho."

Wiki mbili hivyo. Mwisho nikapata mbinu: kila nilipoona lile koti au yale meno, sitazami zaidi, nakata picha na sauti kwa pamoja, nafuta, napita. Nilifika kwenye kanda ya makaburini, nikaikimbiza haraka haraka kwa sababu sikutaka kuyaona. Nikamwona yuko tena, amesimama ndani ya shimo, kifua wazi, anabwabwaja akitazama kamera. Ala! Hata kaburini? Nikakata hapo mpaka udongo ulipoanza kumwagwa. Nikafuta. Nikaichoma sidii, nikaandika juu kwa kalamu ya wino, nikampa mchuuzi mmoja wa vinyago aliyekuwa anakwenda Johannesburg. Kanda nikazirudisha Tandahimba. Nilijiona nimemaliza kazi ya mtu mzima.

Kaka alipiga simu baada ya wiki tatu.

"Nimeiona," akasema.

"Imekaaje?"

"Mdogo wangu, naona baba anafikishwa kaburini. Halafu naona udongo. Katikati hakuna mtu. Nani kampokea? Baba kajipokea mwenyewe?"

Nikasema labda mpiga video hakupiga. Nilisema hivyo kwa woga. Kaka akasema, "Mnanificha. Hakuna aliyeingia. Mlimtupa tu kwa sababu mimi sipo." Halafu mtu mzima yule, mwanamume wa miaka thelathini na tano, akalia kwenye simu mpaka salio likakatika.

Nilipanda gari kesho yake mpaka Newala, nikamkalia mjomba kooni. Nikamwambia safari hii sikuja kuuliza, nimekuja kujibiwa, kaka anaharibikiwa na akili. Mjomba alitazama magoti yake. Magoti yale yalikuwa yamevimba miaka mingi, hata kuinuka kuswali anashika ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie niliingia mimi."

"Mjomba, wewe uliingia?"

"Mwambie hivyo. Mtu wa damu hakuingia hata mmoja. Hilo nalo ni la kumwambia mtoto aliye mbali?"

Akashika ukuta akainuka, akaenda kuswali. Nikarudi Masasi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nusu ya safari nilikuwa naupanga uongo wa mjomba mdomoni, namna nitakavyousema. Nusu nyingine nilikuwa naona lile shimo, na mtu kifua wazi, na mimi nabonyeza kufuta.

Nilipiga simu Tandahimba. Mpiga video akaniambia kwa furaha kabisa kwamba kanda zangu zimeshapigiwa harusi juu yake, tena harusi nzuri, kama nataka kuiona. Nikakata simu. Kilichobaki kilikuwa kompyuta, na kwenye kompyuta nilikuwa nimefuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliifungua bila matumaini. Mstari ule ulikuwepo, vipande vyangu vimepangwa safi, na pale penye kaburi palionekana mstari mwembamba tu, picha moja inagusana na nyingine. Nilikuwa nataka nikisogeze kipande cha udongo kando, basi, sijui hata nilitaka kukipeleka wapi. Mausi ikashika ukingo wake badala ya katikati. Kipande hakikusogea, kikarefuka. Nikashtuka nikaachia. Nikashika tena ule ukingo, nikavuta kushoto taratibu, na kwenye kisanduku cha juu udongo ukaanza kurudi kwenye majembe. Nikazidi kuvuta. Akatokea mtani.

Yarabi! Hakuwa amefutika. Kumbe programu ile haikati kitu, inakunja tu na kuficha, na mimi wiki zote zile nilidhani natupa. Hakuna aliyeniambia. Ningeambiwa na nani, Masasi nzima?

Basi nikakaa, nikatazama mazishi ya baba yangu kwa mara ya kwanza.

Wanaume wamezunguka. Mjomba yuko kwenye kiti pembeni. Shehe anauliza nani wa kuingia ndani, watu wanatazamana, wanatazama chini. Kaka hayupo, na ndugu wa baba wote wametangulia. Ndipo mtani anavua lile koti, analikunja vizuri, anaweka kofia juu yake, anampa mtu ashike. Anaruka ndani. Shimo linamfika kifuani. Anainua uso anamtazama mpiga video, yaani anamtazama kaka huko alipo, na mdomo ule unafunguka:

"Haya wewe mtoro wa Sauzi! Kaa vizuri utazame. Zamu yako hii nimeishika mimi, Myao, kwa sababu Wamakonde mmeisha! Na baba yako mzito kama gunia la korosho mbichi, mgongo unaniuma tayari. Umeniona? Usije ukasema hukuniona!"

Wanaume wanacheka, pale pale juu ya kaburi, wengine wanajifuta macho. Sauti ya mjomba inasema, "Haya mtani, yatosha."

Na mtani akanyamaza. Sikuwahi kumwona amenyamaza. Akanyoosha mikono, wakamteremshia, akampokea kichwani na mabegani, akainama naye mpaka nikaona mgongo wake tu. Alimlaza ubavu. Alifungua mafundo ya sanda, moja moja, bila haraka, akachukua donge la udongo akaliweka nyuma ya mgongo wa baba asije akageuka. Kisha akabaki ameinama pale, mkono uko begani kwa baba, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Walimpa mkono atoke, hakuuona. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote, meno yako nje na hachekeshi mtu.

Nililia, nisifiche. Nilimlilia baba, nikamlilia na yule mtu niliyekataa kumpa mkono siku ya arobaini mbele ya watu, akajichekesha na kuurudisha mkono wake mfukoni.

Niliirudisha video yote. Kila nilipokuwa nimemkunja nilimkunjua, na kikohozi, na mbuzi, na mimi mwenyewe naitika kama mtoto. Ikawa ndefu, sidii mbili. Sauti na picha zimepishana kidogo mpaka leo, sikuweza kuzipatanisha. Mchuuzi wa vinyago akazibeba.

Safari hii kaka alipiga mapema. Hakusema ameionaje. Alisema, "Nenda kwa mtani. Jumapili saa nane nitapiga kwenye simu yako. Umpe."

Nanganga wakati ule mtandao ulipatikana sehemu moja, juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya soko. Nilimkuta mtani kwake anamenya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Aliponiona akapaza sauti majirani wasikie: "Jamani, mke wangu mdogo huyo! Kanuna miezi, leo kaja mwenyewe kwa miguu yake!" Nilimpa mkono, akauangalia kwanza kama una kitu ndani, kisha akaushika. Nikamweleza. Njia nzima kwenda kichuguuni alikuwa anaandaa matusi, anayajaribu kwa sauti, hili zuri, hili kali zaidi, atamwambia mtoro yule mpaka ajute kununua simu.

Simu ikaita. Nikambonyezea, nikamwekea sikioni. Ilikuwa simu ya zamani yenye sauti kubwa, nikasikia na mimi. Akakohoa kuweka koo sawa. Kabla hajafungua mdomo, kaka akasema:

"Shikamoo, baba."

Katika maisha yetu hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyewahi kumwamkia yule mtu. Tulikuwa tukimtukana, naye anatutukana, ndiyo salamu. Akanitazama. Akachuchumaa pale juu ya kichuguu, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika kichwa.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Kaka alikuwa anauliza kitu, anakirudia, sauti inamkatika. Mtani akawa anatikisa kichwa, kama vile kaka anamwona.

"Hapana, mwanangu. Yale yalikuwa maneno ya utani tu. Hakuwa mzito hata kidogo."